Enjelifishi kwenye tangi la mimea: jinsi ya kumchagulia majirani watakaodumu naye

Neoni wangu, wale samaki wadogo wembamba wa mapambo, walikuwa 12. Niliwanunua siku moja na enjelifishi wanne wadogo, miili yao kama sarafu tu, muuzaji akanihakikishia hawa wote wapole wanakaa pamoja bila shida, na kweli miezi kama 7 hivi tangi lilitulia kabisa, mimea imejaa, samaki wanazunguka, mgeni akiingia lazima asimame pale kidogo aangalie. Halafu wakaanza kupungua. Leo nahesabu 11, keshokutwa 9, sioni maiti, sioni ugonjwa, maji napima yako sawa. Ikabidi siku moja niamke alfajiri kabla taa ya tangi haijawaka nikae na kitochi, ndo nikamuona enjelifishi mkubwa anamfuata neoni taratibu kwenye majani, hana haraka kabisa, akafungua mdomo na neoni hayupo tena.

Yule enjelifishi hakubadilika tabia. Alikua tu. Na hapo ndo kosa la wengi wetu lilipo, tunachagua majirani wa samaki tunayemuona dukani wakati atakayeishi nao ni samaki mwingine kabisa, yule wa miezi 10 ijayo. Kwa hiyo huu mwongozo wote nimeuandika kwa kumfikiria enjelifishi aliyekomaa, naomba na wewe umuweke huyo kichwani kila unapotaka kuongeza samaki.

Hatua ya 1: Mjue mwenye nyumba kwanza

Enjelifishi wengi wanaouzwa ni Pterophyllum scalare, waliozalishwa kwenye matangi vizazi na vizazi, lakini asili yao ni bonde la mto Amazon, kwenye maji yanayoenda taratibu yenye mizizi na matawi yaliyozama. Ule mwili bapa uliosimama wima una kazi, unamwezesha kupenya katikati ya mashina, na ile milia inachanganyika na vivuli vya matawi asionekane. Anawinda kwa kusubiri. Na ni siklidi huyu, ukoo wa samaki wanaodai eneo, yuko pamoja na oska yule mkubwa anayemeza wenzake, watu wanasahau kwa sababu ya hayo mapezi marefu na ule mwendo wa madaha.

Mwili wake unafika sm 15 hivi, na ukimpima kutoka ncha ya pezi la juu mpaka ncha ya pezi la chini anaweza kuvuka sm 20. Akitunzwa vizuri anaishi mpaka miaka 10. Kuna na ndugu yake mkubwa zaidi, Pterophyllum altum wa kutoka Orinoco na Rio Negro, huyo anataka tangi refu zaidi kwenda juu na maji laini (yenye madini kidogo) na yenye asidi, kama ndo unaanza muache kwanza.

Hatua ya 2: Hakikisha tangi lenyewe linabeba

Hapa sitakaa sana. Kimo cha tangi kisipungue sm 45, sm 50 ni nzuri zaidi, manake tangi fupi linamkunja mapezi. Kwa jozi moja anzia lita 110 hivi kama hutaki samaki wengine wengi, ila kama unataka jamii ya samaki mchanganyiko lenga lita 200, kwa mfano tangi la sm 100 kwa 40 kwa 50. Joto nyuzi 26 ndo la katikati, wanavumilia 24 mpaka 28. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, kati ya 6 na 7.5. Halafu zile sumu zinazotokana na uchafu wa samaki: amonia sifuri, naitraiti sifuri, naitreti jaribu isizidi 20 hadi 40 mg kwa lita. Tangi liwe limeshakomaa, yaani wale bakteria wa filta wameshajijenga, na hiyo kazi kwa kawaida inachukua wiki 4 mpaka 6, usiikatishe.

Mimea chagua inayopenda joto hilohilo: Vallisneria ya nyuma, Echinodorus ya majani mapana katikati, Cryptocoryne mbele, anubiasi na Microsorum unazifunga kwenye magogo. Acha uwazi katikati wa kuogelea. Mimea mirefu ina faida nyingine ambayo watu hawaisemi, inakata macho. Samaki mbabe asipomuona mwenzake anamsahau, kwa hiyo tangi lenye pazia mbili tatu za majani linabeba samaki kwa amani kuliko lililo wazi hata kama lita ni zilezile.

Kama unaweka gesi ya kaboni dioksidi kwa ajili ya mimea, iwe imeshatulia kwenye kipimo kimoja kabla hujaleta samaki wapya, na uizime usiku. Ukiona wote wamepanda juu wanatweta asubuhi usikimbilie kuwaza ugonjwa, punguza gesi kwanza na utikise uso wa maji.

Hatua ya 3: Amua enjelifishi wenyewe watakuwa wangapi

Jirani wa kwanza wa enjelifishi ni enjelifishi mwenzake, na huyo ndo anasababisha ugomvi kuliko wote. Wawili ambao hawajakubaliana kama dume na jike ni hatari, mmoja atamkimbiza mwingine mpaka ajibanze kwenye kona ya juu nyuma ya filta, haji kula, mapezi yamechanika. Watatu pia sio dawa, mara nyingi wawili wanaungana na wa tatu anateseka. Kwa hiyo ni ama mmoja peke yake, ama jozi ambayo tayari imeshajiunda, ama kundi la 5 au 6 ukaanza nao wakiwa wadogo kwenye tangi kubwa ili ubabe ugawanyike, usimwangukie mmoja. Wakishakua jozi zitajitenga zenyewe, na hapo ujiandae kuwatoa wengine uwapeleke kwa mtu mwenye nafasi. Jiandae toka mwanzo kabisa, usisubiri mpaka siku umekuta mmoja yuko hoi.

Hatua ya 4: Kila samaki unayemtaka mpitishe kwenye maswali manne

Swali la kwanza ni mdomo. Anaingia? Kinachoangaliwa ni kimo cha mwili, sio urefu peke yake. Neoni ana sm 3 na kitu, mwembamba, anaingia vizuri tu. Rasbora halikwini hamzidi sana urefu lakini mwili wake ni mpana kwenda juu kama pembetatu, huyo anamezwa kwa shida. Ukiona samaki ana sm 3 na umbo la kalamu, mhesabu kama chakula.

Swali la pili ni mapezi, ana tabia ya kudonoa? Enjelifishi ana nyuzi ndefu zinaning'inia, hakimbii haraka, kwa samaki mdonoaji hiyo ni karamu. Pezi lililodonolewa linaingiwa na bakteria, linaoza, na samaki anadhoofika taratibu huku we unahangaika na dawa wakati chanzo kinaogelea pembeni yake.

La tatu ni maji. Sio kuvumilia, nasema kukaa vizuri miaka yote. Samaki wa nyuzi 22 ukimuweka kwenye 27 hafi leo, ila umri wake unapungua na anaugua ugua. Koridorasi ni kambare wadogo wa chini, na yule wa madoa, Corydoras paleatus, ni mfano mzuri, samaki mzuri sana lakini anapenda ubaridi, wakati Corydoras sterbai anakaa raha kabisa kwenye 26 hadi 28. Sura zinafanana fanana, mahitaji mbalimbali.

La nne ni ghorofa. Enjelifishi anashika katikati na juu kidogo. Anayekaa chini wala hagombani naye. Anayekaa katikati lazima awe wa makundi na mwepesi, asiwe mwingine wa kudai eneo.

Na ushauri wa pembeni ila naona ni muhimu kuliko unavyoonekana: andika jina la kisayansi la samaki kabla hujaenda kununua. Majina ya mtaani yanabadilika kila duka, jina moja linabeba samaki watatu tofauti, na mengine yanadanganya kabisa, kama utakavyoona kwa yule mla mwani hapo chini.

Hatua ya 5: Jaza tangi kuanzia chini kwenda juu

Chini anza na koridorasi. Kwangu hawa ndo majirani bora kuliko wote na sioni wa kushindana nao. Weka 6 au zaidi wa aina moja, sterbai kama tangi lako ni la moto, au Corydoras aeneus. Wape mchanga laini, wanachimba kwa pua wakitafuta chakula na changarawe yenye ncha inawamaliza ndevu. Ila usichukue wale vijikoridorasi vidogo kabisa vya sm 2 na nusu, kama Corydoras pygmaeus. Koridorasi wana miiba kwenye mapezi ya kifuani na ya mgongoni, wakitishwa wanaisimamisha na kuifunga, samaki mkubwa akijaribu kummeza anakwama mdomoni na unapoteza wote wawili.

Kwa kula mwani, ule ukijani unaoota kwenye kioo na magogo, chukua pleko (kambare mkwanguaji) mwenye ndevu, Ancistrus, anaishia sm 12 mpaka 15 basi. Mmoja anatosha, madume wawili watagombania pango. Mpe gogo la kukwangua na mara mojamoja kipande cha mboga, usidhani ataishi kwa mwani peke yake. Wale lochi wembamba kama vinyoka, Pangio, nao wanafaa wakiwa kundi na mchanga upo, ingawa kwa kweli utawaona mara chache, wanatoka usiku.

Katikati ndo kwenye utajiri wa chaguo. Tetra ni wale samaki wadogo wa makundi, neoni akiwa mmoja wao, na chaguo langu la kwanza ni tetra pua nyekundu, Petitella bleheri na ndugu zake, wanafika sm 5, wanapenda joto, na wanaogelea kwa kujipanga kuliko tetra wengine wote ninaowajua, ukiweka 12 unaona kundi zima linageuka pamoja mbele ya ukuta wa Vallisneria na yule enjelifishi mrefu anakatiza katikati yao polepole, hiyo picha ndo inanifanya nisichoke na hii kazi. Wanafaa pia kama kengele, mdomo ule mwekundu ukipauka ujue kuna kitu kwenye maji.

Wengine wazuri ni tetra wa limau na blaki fantomu, hao wana kimo kizuri cha mwili. Tetra wa Kongo, Phenacogrammus interruptus, ni mkubwa, anafika sm 8, anang'aa rangi nyingi na enjelifishi hamgusi, ila anahitaji tangi la urefu wa kutosha na yeye mwenyewe muangalie akianza uchokozi wa mapezi kwenye nafasi ndogo. Rasbora halikwini nimeshamtaja, 10 wanapendeza.

Kadinali tetra nisemeje. Porini anatoka Rio Negro na Orinoco, anapenda joto kuliko neoni, na ni mrefu kidogo kumzidi, karibu sm 5 akikomaa. Watu wengi wanawafuga na enjelifishi kwa miaka. Inawezekana, kwa masharti: kadinali wawe wamekomaa tayari, wawe wengi, waingie kwanza, na enjelifishi waingie wakiwa wadogo wakue nao. Hata hivyo ujue umebaki na uwezekano wa kupoteza mmoja mmoja. Kama hilo litakuuma, na mimi liliniuma, chukua pua nyekundu.

Kama unataka siklidi mwingine, nenda kwa wadogo wanaokaa chini. Ramu wa Bolivia, Mikrogeophagus altispinosus, ni mtulivu na mgumu kiasi. Ramu wa bluu ni mzuri sana lakini anataka nyuzi 27 mpaka 30, hapo enjelifishi wako watakuwa kwenye mpaka wa juu. Kuna mwingine hatajwi sana, Cleithracara maronii, mpole mpaka unamuonea huruma, huyo ningependa watu wengi wamjue. Jozi moja tu ya siklidi wa chini kwenye lita 200, usirundike.

Juu, gurami wa lulu, Trichopodus leerii, anaweza kukaa na enjelifishi vizuri kama tangi ni kubwa na lina mimea inayoelea. Dume mmoja tu. Uduvi wadogo wa rangi, Neocaridina, wataliwa, hata ukiwa na msitu wa mimea ya mosi (ile kama kuvu ya kijani) watabaki wachache wa kujificha, uduvi wa Amano aliyekomaa mwenye sm 5 ana nafasi nzuri zaidi. Konokono wa nerite hawana neno.

Hatua ya 6: Hawa waache walipo

Taiga barbi, yule wa milia, Puntigrus tetrazona. Utasikia kwamba ukiweka kundi kubwa wanadonoana wenyewe wanasahau wengine. Kwa samaki wepesi labda, kwa enjelifishi mimi nakukataza kabisa. Sapei tetra na tetra wa Buenos Aires ni hivyohivyo, na tetra wa sketi nyeusi wengine wapole wengine wadonoaji, ni bahati nasibu.

Yule anayeuzwa kama mla mwani wa Kichina, Gyrinocheilus aymonieri, akiwa mdogo kweli anakula mwani. Akikua anaanza kujibandika kwenye samaki wenye miili bapa na kufyonza ute wao, na enjelifishi ndo bapa mwenyewe. Pleko wa kawaida naye akiwa na njaa usiku anaweza kufanya hivyo, mbali na kwamba anavuka sm 30 na kung'oa mimea yako yote.

Goldifishi ni wa maji baridi na anakula mimea. Beta dume ana mapezi yake ya kuchezewa na hasira zake. Siklidi wa ziwa Malawi wanataka pH ya juu, kama 7.8 kwenda mbele, na ubabe wao ni wa daraja lingine. Silva dola watafyeka bustani kama mbuzi. Oska atawameza hao enjelifishi. Gapi na moli wanataka maji magumu zaidi, yaani yenye madini mengi, na watoto wao wote wataliwa, wanaweza kuishi lakini sioni sababu ya kuwalazimisha. Diskasi watu wanauliza sana, joto lake ni 28 mpaka 30 na anakula taratibu, enjelifishi anamuwahi chakula kila siku, kwa hiyo mtu asiye na uzoefu awatenganishe.

Hatua ya 7: Mpangilio wa kuwaingiza

Kila samaki mpya apite karantini, wiki 3 mpaka 4 kwenye kitangi cha pembeni chenye hita na filta ya sponji. Najua inachosha, najua unataka kuwaona leo kwenye tangi kubwa. Lakini ugonjwa wa madoa meupe au minyoo ikiingia kwenye tangi la mimea, dawa nyingi zinaathiri mimea, konokono na uduvi, huwezi kutibu bila kuharibu kitu.

Samaki wa makundi ya katikati waingie kwanza, nusu ya kundi, baada ya wiki mbili nusu iliyobaki. Koridorasi wafuate, kisha pleko tangi likishapata mwani. Enjelifishi wa mwisho kabisa, wakiwa wadogo. Sababu mbili: wakute wenyeji tayari, wasijione eneo lote ni lao, na wakue pamoja na wale tetra wakiwa washawazoea kama sehemu ya mazingira. Ukifanya kinyume, yaani tetra wanaingia kwenye tangi lenye enjelifishi mkubwa, anachokiona ni chakula kimeletwa. Kama enjelifishi wako tayari ni wakubwa, basi leta tetra waliokomaa tu, hamisha magogo na mimea kidogo siku hiyo, walishe enjelifishi washibe kwanza, zima taa, ndo uwaachie wageni.

Kwa mfano wa lita 200 ningefanya hivi: pua nyekundu 12, sterbai 8, Ancistrus mmoja, jozi moja ya enjelifishi. Basi, inatosha, acha nafasi.

Hatua ya 8: Wiki za kwanza, na siku ya mayai

Lisha kwa sehemu mbili. Enjelifishi wape chakula cha juu upande mmoja wa tangi, wakiwa wameshughulika tupia tetra upande wa pili. Vidonge vinavyozama vya koridorasi weka baada ya taa kuzimwa, la sivyo hawapati kitu. Enjelifishi ni walafi na wanajua kuomba, ukiwafuata macho yao utawanenepesha na wengine watakufa njaa kimyakimya.

Hesabu samaki kila wiki. Angalia ncha za mapezi, angalia nani hatoki kona. Mapezi yaliyofungwa, rangi kuwa nyeusi au milia kukolea ghafla, kukataa chakula siku mbili, hizo ni dalili kwamba kuna anayeonewa au maji yameharibika, pima maji kwanza halafu kaa mbali na kioo uangalie dakika 20 bila kusogea.

Na ipo siku utaona wawili wanasugua sugua jani moja la Echinodorus au bomba la filta kwa midomo, wanalisafisha. Hayo ni maandalizi ya mayai. Kuanzia hapo wale wapole wako watafukuza kila kitu mpaka upande wa pili wa tangi, koridorasi na wote. Mayai yanaanguliwa siku ya 2 au ya 3, watoto wanaanza kuogelea kama siku 5 baadaye, na muda wote huo majirani wanabanwa kona moja. Kama tangi lina urefu na pazia la mimea katikati, waache, wataelewana. Kama ni fupi, una mawili: ondoa lile jani na mayai yake ukalee kwenye tangi la pembeni, au weka kizuizi cha kioo chenye matundu mpaka kipindi kipite. Tetra mmoja akishaanza kuchanika usisubiri kesho, mtoe usiku huohuo taa ikiwa imezimwa, anashikika kirahisi zaidi gizani.